WAHITIMU WAMEJAA MTAANI, VIWANDA VINALIA HAVINA MAFUNDI: TATIZO LIKO WAPI?



Kuna swali naulizwa karibu kila wiki na vijana waliomaliza form six, na siku hizi hata na waliokwisha kuvaa joho: "Bro, nisome nini ambacho kina ajira?" Natamani ningekuwa na jibu la neno moja. Sina, na ukikutana na mtu mwenye jibu la neno moja angalia vizuri, huenda ana chuo anakitafutia wanafunzi. Leo nataka tukae chini tuutazame mtambo mzima: nani anaamua vyuo vifundishe nini, pesa inatoka wapi, viwanda vinataka nini hasa, na kwa nini hivi viwili vinapishana kama mabasi usiku.

Tuanze na picha mbili ambazo wengi mnazikumbuka.

Juni 2014, Idara ya Uhamiaji iliwaita waombaji kazi kwenye usaili. Nafasi zilikuwa 70. Waliojitokeza walizidi 10,000, ikabidi wapelekwe Uwanja wa Taifa, wakakaa kwenye majukwaa kama vile Simba na Yanga wanacheza. Piga hesabu: zaidi ya watu 140 kwa kiti kimoja. Miaka 11 baadaye, 2025, Mamlaka ya Mapato ikatangaza nafasi 1,596. Walioomba walizidi 135,000. Hapo ni kama watu 85 kwa nafasi moja, tena wengi wao na digrii zao mkononi.

Upande wa pili wa shilingi, kaa na mwenye kiwanda chochote Vingunguti au Mikocheni umsikilize. Atakwambia hapati fundi wa kukereza vyuma anayeaminika, hapati fundi umeme wa viwandani anayejua mitambo inayoendeshwa na kompyuta, hapati mchomeleaji ambaye kazi yake inapita ukaguzi. Nawafahamu wazee wa FTC waliostaafu zamani ambao bado wanapigiwa simu usiku mashine ikigoma. Na miradi mikubwa mnaijua: reli ya SGR iliyoanza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024, na bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lenye mitambo 9 ya megawati 2,115. Watanzania wengi wamefanya kazi pale, lakini mikataba ya ujenzi ilishikwa na Yapi Merkezi ya Uturuki kwenye reli, na Arab Contractors na Elsewedy za Misri kwenye bwawa. Kadiri kazi inavyozidi kuwa ya kitaalamu ndivyo unavyozidi kusikia Kituruki na Kiarabu.

Sasa hapa ndipo watu wanapogawanyika. Wengine wanasema vyuo vinazalisha vilaza. Wengine wanasema ajira hazipo, basi. Mimi nasema wote wameshika mguu mmoja wa tembo. Twende polepole.

ENZI ZA KUPANGIWA KAZI

Wazee wetu wanapenda kusema "enzi zetu ukimaliza chuo kazi inakusubiri". Hawasemi uongo. Ila haikuwa bahati wala akili zaidi kuliko sisi. Ulikuwa ni mpango.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 na darasa moja la sheria, wanafunzi hawakufika hata 20. Nchi ilikuwa inapata uhuru ikiwa na wataalamu wa kuhesabu kwa vidole. Serikali ikajiwekea lengo la kujitosheleza kwa wataalamu wa ngazi ya juu ifikapo 1980. Kwa hiyo ikakaa ikapiga hesabu: tunahitaji madaktari wangapi, wahandisi wangapi, walimu wangapi. Nafasi za chuo zikafuata hesabu hiyo. Ulisomeshwa bure, na ukimaliza serikali ndiyo inakupangia kituo. Ukipangiwa Sumbawanga unakwenda Sumbawanga.

Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma. TANU ikasema kijana asitoke form six akaingia chuo kikuu moja kwa moja. Kwanza akafanye kazi, na mwajiri wake pamoja na chama wampendekeze. Utaratibu huo baadaye ulilegezwa na kuachwa, na ulikuwa na matatizo yake, maana pendekezo la mkubwa wa kazi linaweza kugeuka fimbo. Lakini angalia wazo lililokuwa ndani yake: mtu anakwenda chuo akiwa tayari ameona kazi ikoje na anajua anakwenda kutafuta nini.

Mpango ule ulisimama juu ya nguzo moja: mwajiri mkubwa alikuwa serikali na mashirika yake. Viwanda kama Urafiki pale Ubungo, reli, posta na simu, benki, vyote vya umma. Anayesomesha na anayeajiri ni mtu mmoja, kwa hiyo hesabu zinasomana. Miaka ya 1990 mashirika yalipoanza kuuzwa na mengine kufungwa, nguzo ikaanguka. Mwajiri akawa mwingine, msomeshaji akabaki yule yule, na hakuna aliyejenga daraja kati yao. Tangu hapo tunajaribu kurusha kamba.

CHUO KIKIKUA KINAKUWA CHUO KIKUU

Kuna uwiano mmoja unaotajwa sana na wahandisi hapa nyumbani: mhandisi 1, mafundi sanifu 5, mafundi mchundo 25. Yaani mmoja wa kubuni na kusimamia, watano wa kutafsiri mchoro na kupima na kurekebisha, 25 wa kushika spana, mwiko na moto wa kuchomelea. Uwiano huu si msahafu, unategemea aina ya kiwanda, lakini mantiki yake inaeleweka hata kwa mtoto. Timu ya mpira haiwezi kuwa na makocha 11.

Sasa tazama tulichofanya sisi. Chuo cha Ufundi Dar es Salaam, kilichoanza 1957, ndicho kilichokuwa kiwanda cha mafundi sanifu wa nchi hii. Unaingia baada ya form four, unasota miaka mitatu, unatoka na FTC na mikono yenye sugu. Mwaka 1997 kikawa Taasisi ya Teknolojia, DIT, na baadaye kikaanza kutoa digrii. Chuo cha Ufundi Mbeya kikawa taasisi ya sayansi na teknolojia mwaka 2005, na mwaka 2012 kikawa chuo kikuu kamili, MUST. Si ufundi peke yake. IDM Mzumbe ikawa chuo kikuu mwaka 2001. Chuo cha Ualimu Chang'ombe na shule ya sekondari Mkwawa vikageuzwa vyuo vikuu vishiriki mwaka 2005. Chuo cha Ushirika Moshi nacho kikapanda hadi kuwa chuo kikuu mwaka 2014.

Majirani nao ni hivyo hivyo. Kenya ilizichukua Kenya Polytechnic ya Nairobi na Mombasa Polytechnic, ikazifanya vyuo vikuu vishiriki mwaka 2007, halafu mwaka 2013 zikawa vyuo vikuu kamili vya ufundi. Wakenya wakalalamika kama tunavyolalamika sisi.

Niwe wa haki: DIT na MUST bado wanafundisha diploma, na wanafanya kazi nzuri. Arusha Technical College, iliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani miaka ya 1970, imebaki na jina na moyo wake wa ufundi. Lakini chuo kikishapata ladha ya digrii, mambo ndani yake yanabadilika hata bila mtu kukusudia.

Kwanza, mwalimu. Kwenye chuo kikuu mtu anapanda cheo kwa masters, PhD na machapisho. Fundi aliyekaa miaka 20 kwenye karakana ya kiwanda, anayeijua mashine kwa mlio wake, hana GPA ya kumwingiza mlangoni. Kwa hiyo anayemfundisha kijana kuchomelea ni mtu aliyesoma vizuri sana kuhusu kuchomelea.

Pili, gharama. Kufundisha uhandisi kwa vitendo kunataka mashine, vyuma, umeme na vikundi vidogo. Kufundisha kozi ya biashara kunataka ukumbi, projekta na spika. Chuo chenye njaa ya ada kitafungua kozi gani haraka? Jaza mwenyewe.

Tatu, jina. Mzazi yupo radhi auze ng'ombe mtoto asome "digrii ya" kitu chochote, lakini ukimwambia mtoto kachaguliwa kusomea ufundi wa friji anadhani mtoto kafeli. Tusimlaumu mzazi haraka. Yeye anasoma mazingira. Kwenye utumishi wa umma mwenye diploma anaanzia ngazi ya mshahara iliyo chini ya mwenye digrii, na ili avuke mara nyingi inabidi arudi chuo, hata kama kazini yeye ndiye anayemwelekeza huyo mwenye digrii. Serikali yenyewe kupitia karatasi ya mishahara imeshamwambia mzazi kipi bora. Halafu inashangaa watu wakisikiliza.

PESA INASEMA UKWELI

Ukitaka kujua sera ya kweli ya nchi, usisome hotuba. Fuata pesa.

Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya 2004 ikaanza kazi 2005. Kwa karibu miaka 20, bumu kwa sehemu kubwa lilikuwa la wa digrii. Kijana wa diploma ya umeme, ambaye mara nyingi ndiye anatoka familia ya hali ya chini zaidi, alijilipia mwenyewe. Sasa mpe kijana maskini chaguo mbili: digrii yoyote yenye mkopo, au diploma ya ufundi isiyo na mkopo. Unadhani atachagua nini? Si kwamba anadharau spana. Anaangalia atakula wapi.

Halafu kuna SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi. Mwajiri anailipa kulingana na mishahara ya wafanyakazi wake. Zamani ilikuwa asilimia 6, ikashushwa hatua kwa hatua, mwaka 2023 ikafika asilimia 3.5. Jina lake linasema yenyewe: ni ya ujuzi, na VETA iliyoundwa mwaka 1994 ilitegemea pesa hiyo. Lakini kwa miaka mingi theluthi moja tu ndiyo ilielekezwa VETA. Theluthi mbili zilikwenda Hazina, zikasaidia mambo mengine, mikopo ya elimu ya juu ikiwemo. Waajiri wamelipigia kelele jambo hili miaka nenda rudi, na hapa nakubaliana nao. Umemtoza mwenye kiwanda kwa ajili ya fundi, ukaenda kumsomesha afisa.

Mwaka wa masomo 2023/24 mkopo ulifunguliwa kwa diploma, kwa fani za kipaumbele kama afya, ufundi, usafirishaji, nishati, madini na kilimo. Hili ni jambo kubwa kuliko magazeti yalivyolipa uzito. Ni mara ya kwanza mkoba unaelekea kule mdomo ulikokuwa unaelekea siku zote.

KWA NINI KOZI HUFIKA BASI LIKIWA LIMEONDOKA

Hapa ndipo pagumu, na nataka muelewe vizuri kwa sababu panawahusu moja kwa moja.

Tuseme leo kuna uhaba wa fani fulani. Mishahara inapanda, watu wanaambiana. Chuo kinaandika mtaala, kinaupeleka kwa wasimamizi, kinaajiri walimu: miaka miwili imekwisha. Wanafunzi wanaingia: miaka mitatu au minne. Wa kwanza wanatoka miaka mitano au sita baada ya ule uhaba. Tena hawatoki peke yao, kwa sababu vyuo vyote vilisikia habari ile ile siku ile ile.

Mfano wa kwanza ni ualimu. Kuanzia 2004 serikali ilianza kumwaga sekondari za kata kila kona. Walimu hawakuwepo kabisa. Mikopo ikapendelea ualimu, vyuo vikuu karibu vyote vikafungua kozi za elimu, na kozi rahisi kufungua zilikuwa za masomo ya sanaa. Mpaka kufika katikati ya miaka ya 2010 shule zimeshajaza walimu wa Historia na Kiswahili, na kuanzia 2015 na 2016 kasi ya kuajiri ikapungua sana wakati wa uhakiki wa watumishi hewa na vyeti feki. Matokeo yake mnayajua, maana wengine ni kaka na dada zenu: mwalimu mwenye digrii anaendesha bodaboda, huku shule ya kijijini kwao haina mwalimu wa Fizikia. Walimu walizalishwa kweli, ila walizalishwa wa aina moja.

Mfano wa pili ni gesi. Kuanzia 2010 gesi nyingi iligunduliwa kwenye kina cha bahari, Mtwara na Lindi. Nchi nzima ikawa inaota gesi. Kozi za mafuta na gesi zikafunguliwa vyuo vikuu, vijana wenye alama kali wakazikimbilia. Bomba la Mtwara hadi Dar likakamilika 2015. Lakini kile kiwanda kikubwa cha kusindika gesi Lindi, ambacho ndicho kingemeza watu, kimebaki kwenye meza ya mazungumzo zaidi ya miaka kumi. Wale vijana hawakukosea kusoma, na walimu wao hawakukosea kufundisha. Walisomea kiwanda ambacho hakijajengwa.

Kwa hiyo mtu akikwambia "soma hiki, ndicho chenye soko", muulize: soko la mwaka gani?

WAAJIRI NAO WASIJIFICHE

Mpaka hapa mnaweza kudhani nimekuja kuvipiga mawe vyuo. Hapana. Kuna habari ya upande wa pili ambayo haisemwi kwenye makongamano kwa sababu wenye makongamano ndio wanaodhamini chakula cha mchana.

Kwanza, viwanda vyenyewe ni vichache. Tumeimba "Tanzania ya viwanda" tangu mpango wa pili wa maendeleo wa 2016, lakini uzalishaji wa viwandani kwa miaka mingi umekuwa ukicheza kwenye asilimia 8 hivi ya pato la taifa. Utafiti wa nguvu kazi wa 2014 ulionyesha kwamba kati ya watu walio kazini, karibu wanne kati ya watano walikuwa ngazi ya ujuzi wa chini, na wa ujuzi wa juu hawakufika asilimia 4. Takwimu hii huwa inasomwa kama ushahidi kwamba tunahitaji kusomesha zaidi. Sawa, lakini isome na kinyume chake: uchumi wenyewe umetengeneza kazi chache sana za ujuzi wa juu. Hata ungewashusha wahandisi 10,000 kutoka mbinguni kesho asubuhi, viti vya kuwakalisha viko wapi?

Pili, hilo neno "hawaajiriki". Nalisikia sana. Mwajiri anatangaza kazi ya kuanzia, anataka uzoefu wa miaka mitatu. Anapelekewa mwanafunzi wa fildi, anamkalisha wiki nane anachapa barua na kununua vocha. Mashine mpya anaogopa kumgusisha, asije akaiharibu. Halafu anasimama mbele ya kamera anasema wahitimu wetu hawajui kazi. Watajulia wapi? Kuogelea hakufundishwi kwa picha ya bahari.

Zamani mashirika yalikuwa na vyuo vyao. Reli walikuwa na chuo chao Tabora ambacho mpaka leo kipo. Kampuni nyingi za leo zinataka fundi aliyeiva kutoka kwa jirani. Jirani naye anaogopa kumfundisha mtu kwa sababu akishaiva atachukuliwa. Kila mmoja anamsubiri mwenzake apande mti, na wote wanataka embe. Hili soko haliwezi kulimaliza lenyewe, ndiyo maana tozo kama SDL ilibuniwa: wote wachangie, wote wavune. Na ndiyo maana kuipeleka pengine kunauma.

Tatu, mshahara. Kama kweli fundi wa kukereza vyuma ni adimu kama dhahabu, mbona hulipwi kama dhahabu? Kitu kikiadimika bei hupanda, hata nyanya zinajua hilo. Ukiona mtu analia uhaba lakini hapandishi bei, ujue ana hamu ya fundi mzuri kwa bei ya kibarua.

SASA HIVI KUNA NINI MEZANI

Yapo mambo yanafanyika na si haki kuyanyamazia.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imegawa sekondari mikondo miwili, wa jumla na wa amali, na baadhi ya shule zilianza kidato cha kwanza cha amali mwaka 2024. Yaani kijana atoke form four akiwa na cheti cha ufundi juu ya matokeo yake. Serikali pia imekuwa ikijenga vyuo vya VETA katika wilaya 64 ambazo hazikuwa navyo, na kimoja cha mkoa wa Songwe. Mradi wa HEET, dola milioni 425 za mkopo wa Benki ya Dunia tangu 2021, unavitaka vyuo vikuu vipitie upya mitaala na viwe na kamati za ushauri zenye watu wa viwandani ndani yake. Na kuna vituo vya umahiri vinne: TEHAMA pale DIT Dar, ngozi DIT Mwanza, nishati jadidifu Kikuletwa chini ya Arusha Technical College, na usafirishaji wa anga pale NIT. Kikuletwa napapenda zaidi, maana pana mtambo wa maji wenyewe.

Haya yote ni mazuri. Wasiwasi wangu ni mmoja. Jengo ni rahisi kulizindua kwa utepe. Karakana inakula kila siku: vyuma, gesi ya kuchomelea, vipuri, umeme, na mwalimu aliyetoka kiwandani ambaye lazima umlipe asirudi kiwandani. Shule ya amali isiyo na karakana ni shule ya kawaida yenye jina jipya. Na bajeti ya karakana haina utepe, kwa hiyo haina mgeni rasmi.

Kwa maoni yangu yanatakiwa mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji jengo. Pesa ya SDL irudi kwenye ujuzi, na mwajiri anayechukua wanagenzi na kuwafundisha kweli apunguziwe tozo. Ngazi za mishahara serikalini zimruhusu fundi sanifu apande kwa ujuzi wake bila kulazimika kuikimbia karakana. Na kila chuo kitangaze kila mwaka wahitimu wake wa kila kozi wako wapi baada ya miaka miwili: wangapi wako kazini, wangapi wamejiajiri, wangapi bado wanatafuta. Chuo kinachojiamini hakitaogopa. Mzazi anayeuza ng'ombe ana haki ya kuona hesabu hiyo kabla hajafungua zizi.

WEWE UFANYE NINI

Narudi kwenye swali lenu. Jina la kozi sitakupa, nitakupa namna ya kuuliza.

Moja, usiangalie uhaba wa leo peke yake. Uliza ujuzi huu unatumika kwenye sekta ngapi. Aliyesomea umeme wa viwandani anaweza kukaa kiwanda cha saruji, mgodini, hotelini, reli au hospitali. Aliyesomea kitu chenye mwajiri mmoja tu nchini, mwajiri huyo akipiga chafya yeye anapata mafua.

Mbili, njia ya diploma kwanza si kushindwa. Kutoka cheti hadi diploma hadi digrii ngazi zipo, na ukifikisha wastani unaotakiwa unaingia digrii ukiwa tayari una mikono. Kwenye usaili, mtu mwenye vyote viwili anaongea tofauti.

Tatu, kabla hujajaza fomu nenda kaone karakana ya chuo hicho. Kwa macho yako. Uliza mashine zipo ngapi, zinafanya kazi ngapi, na wanafunzi mko wangapi kwa mashine moja. Ukiona vumbi limelala juu ya mashine, umeshajibiwa.

Nne, fildi usiichukulie kama karatasi ya kugongewa muhuri. Watu wengi wamepata kazi pale pale walipofanyia fildi kuliko kwa bahasha za kaki. Ukipelekwa kununua vocha, nunua, ukirudi uliza swali.

Tano, kama uko kitaa na ujuzi uliojifunza gereji au saiti bila cheti, VETA wana utaratibu wa kuutambua na kuurasimisha. Unapimwa kwa kazi unayoifanya, unapewa cheti. Wengi hawajui hata kama upo.

Na kama tayari una digrii iliyokosa soko, usijione mjinga. Ulifuata njia iliyokuwa na taa. Waliozipanga taa ndio wanaopaswa kuulizwa, na tuwaulize kwa tarakimu: SDL ya mwaka huu imekusanywa kiasi gani, na imemfundisha nani?

Nimeongea sana. Mlio viwandani, mlio vyuoni na mlio mtaani mwageni yenu hapo chini, hasa nyie mliomaliza kozi za mafuta na gesi: mko wapi sasa hivi na mnafanya nini? Matusi hapana, hoja ruksa.

Naomba kuwasilisha.